Kuku Chini ya Kitanda cha Mama Mkwe

Siku mliyoniaga mliniona nikilia juu ya sahani. Najua mlichosema baadaye, maana ofisi yetu haijawahi kuwa na ukuta wa kuzuia maneno. Mmoja alisema ni pilipili. Mwingine alisema ni uchungu wa kuiacha ofisi, na hapo nilicheka peke yangu, kwa sababu ofisi ile ina kiti kimoja tu kisichoyumba, nami nilikuwa nakigombania tangu baadhi yenu mkiwa shule ya msingi. Haikuwa pilipili na haikuwa kiti. Mkinivumilia nitawaeleza, lakini itabidi nianzie mbali, maana sasa mimi ni mstaafu na sina haraka.

Habari za vyeo sitaandika. Vyeo nilivyopata mtavisoma kwenye faili yangu, mkibahatika kuiona hiyo faili.

Nilifika Eldoret nikiwa na viatu vipya na cheti kipya, nikidhani kazi ya afisa wa watoto ni kukaa na watoto. Siku ya kwanza sikuona mtoto hata mmoja. Niliona mume na mke waliokuwa wakiachana, na kazi yangu ilikuwa kuwasaidia wapatane watoto wataishi na nani na watamwona mzazi mwingine lini. Kufikia saa ya chai walikuwa wamemaliza habari ya watoto wote watatu. Nikajiona hodari. Kufikia chakula cha mchana walikuwa bado wanabishana kuhusu mbwa, kila mmoja akisisitiza kwamba mbwa aende na mwenzake. Nilitoka pale na kichwa kinaniuma, na mbwa mwenyewe, niliyekuja kumwona baadaye, hakuwa na shida yoyote isipokuwa sura.

Aliyenifundisha kazi ni Mama Sabina, mkubwa wangu wa kwanza, mwanamke mfupi kutoka Burnt Forest aliyevaa sweta hata jua likiwaka. Alinikuta nimeandaa hotuba ya fahali wawili wakipigana na nyasi zikiumia. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Jelagat, kila afisa mpya anakuja hapa na hizo nyasi. Wazazi wameshazisikia kanisani, wamezisikia kwa mzee wa mtaa. Wacha nyasi. Uliza kiatu."

Alimaanisha hivi. Ukimuuliza mzazi kama anampenda mtoto, atasema ndiyo, na atalia, na hutajua lolote zaidi. Ukimuuliza mtoto wake anavaa kiatu namba ngapi, utaona mengi. Wengine hutaja namba bila kufikiri. Wengine hutazama dari. Baba mmoja alitoa kijiti mfukoni, alichopimia mguu wa mtoto, na alikuwa amekibeba tangu mwezi uliotangulia akingoja siku ya soko. Kwa kijiti hicho nilimpenda yule baba kuliko wote waliokuja na mawakili.

Swali la pili la Mama Sabina lilikuwa la mtoto mwenyewe: ni kitu gani usichoweza kulala bila hicho? Kiulizie mapema, alisema, ukiandike kwenye makubaliano, kwa sababu ndicho kitakachosahaulika siku ya kuhama, na ndicho kitakachowarudisha wote ofisini Jumatatu. Nimeshaandika blanketi, kikombe cha plastiki kisicho na mkono, redio, na fulana ya kaka mkubwa ambayo haikutakiwa kufuliwa. Lishikeni hilo swali. Ila mjue kwamba linaweza kuwaletea majibu ambayo hamkuyatarajia, kama nitakavyosimulia.

Vifaa vyangu vilikuwa vichache. Mabenchi mawili, kwa sababu ukiwaweka wanaoachana kwenye benchi moja, mmoja atasimama kwa hasira na mwingine ataanguka. Kalenda ya duka la dawa za mifugo yenye picha ya ng'ombe wa maziwa, ambayo wazazi waliitazama walipokuwa hawataki kutazamana. Sanduku la vitu vya kuchezea, lenye mwanasesere asiye na kichwa aliyependwa kuliko wote. Na penseli. Ratiba ya malezi iandikeni kwa penseli kwanza, watu waishi nayo, ndipo ije kalamu. Nyinyi mna kompyuta, najua. Kompyuta nayo haijui kwamba mvua za kupanda zimechelewa.

Na sasa nawaletea Barasa na Nekesa.

Barasa alikuwa dereva wa trekta kwenye shamba la mahindi huko Moiben. Nekesa, mkewe, alishona sare za shule hapa mjini, na walipoachana alihamia Yamumbi kwa mama yake, mjane aliyeitwa Rasoa. Mtaa mzima ulimwita Kukhu, yaani nyanya kwa lugha yao, na mimi pia nilimwita hivyo. Wote watatu ni Wabukusu waliokuja huku kutafuta kazi. Mkiniuliza kwa nini waliachana, sijui vizuri, na nawashauri msijue vizuri. Barasa alisema mkewe hamsikii. Nekesa alisema atakosaje kumsikia mtu anayeongea kama yuko juu ya trekta hata akiomba chumvi. Na kweli Barasa aliponisalimia mara ya kwanza, karani wa chumba cha pili aliitikia.

Walikuwa na mtoto mmoja, Nafula, msichana wa miaka saba. Nilipouliza kiatu, Nekesa alitaja namba. Barasa alitazama dari, nikaanza kuvunjika moyo, kisha akatandaza vidole viwili hewani na kusema, "Madam, urefu wa mguu wake ni kama spana yangu ya kumi na nne. Mwaka jana alikuwa kwa ya kumi na tatu." Nikajua mtoto ana wazazi wawili.

Lakini hapo ndipo palikuwa na hatari. Kaka mkubwa wa Barasa, aitwaye Wafula, aliyekuwa Bungoma, alishasema mtoto ni wa ukoo, na kama wazazi hawaelewani aletwe nyumbani alelewe na shangazi. Nekesa akajibu kwamba kabla hilo halijatokea atampeleka shule ya bweni mbali, ambako hakuna mtu wa Bungoma atakayemfikia. Kwa hiyo Nafula, aliyekuwa na wazazi wawili wanaompenda, alikuwa karibu kuishi bila hata mmoja. Hilo lilinikosesha raha kuliko kesi nyingi zenye kelele zaidi. Makubaliano yetu yakivunjika, mtoto angeondoka, na nilijua watoto wakishaondoka hivyo hawarudi upesi.

Tuliandika ratiba inayofuata mahindi. Wakati wa kulima na kupanda, Barasa hashuki kwenye trekta, kwa hiyo mtoto abaki Yamumbi. Mahindi yakishachomoza, baba amchukue kila Ijumaa ya pili na kumrudisha Jumapili. Likizo ya Agosti wagawane. Wakati wa kuvuna tutaona. Mwanasheria angekasirika kuona "tutaona" kwenye makubaliano, lakini aliyewahi kungoja mahindi yakauke atanielewa.

Kisha nikamwita Nafula, aliyekuwa chini ya meza na mwanasesere asiye na kichwa, nikamuuliza ni kitu gani hawezi kulala bila hicho.

"Chifu," akasema.

"Chifu gani?"

"Wa kwangu."

Nekesa akafunika uso. Barasa akaeleza, mtaa mzima ukimsikia, kwamba Chifu ni kuku. Alimpa Nafula akiwa kifaranga, mama yake alipochukuliwa na mwewe, na mtoto akamlea kwenye kofia. Sasa alikuwa kuku mkubwa mwekundu mwenye shingo tupu isiyo na manyoya, na alitembea kifua mbele kama anakagua gwaride, ndipo akapata jina.

Niliandika. Kanuni ni kanuni. "Kuku anayeitwa Chifu atasafiri na mtoto kwenda na kurudi." Karani aliyepiga chapa alikuja kuniuliza kama chifu huyo ameshapewa taarifa.

Basi kwa miezi kadhaa mambo yalikwenda sawa kuliko nilivyotumaini. Kila Ijumaa ya pili Barasa alifika Yamumbi kwa pikipiki yake, akasimama nje ya geti, maana siku ya kugombana Kukhu alimwambia asikanyage tena uwanja wake. Nafula alitoka na begi la nguo na katoni ya sabuni iliyotobolewa matundu, na kichwa cha Chifu kikitokeza juu kikitazama njia. Mayai ya Yamumbi yaliliwa Yamumbi, ya Moiben yakaliwa Moiben. Nilianza kuwasimulia maafisa wenzangu kuhusu kesi hii kwenye semina. Msisimulie kesi kwenye semina kabla haijaisha, ni kuitafutia mkosi.

Jumatatu moja Barasa aliingia ofisini akakaa kwenye benchi bila kusalimia.

"Madam, mimi nimechezwa."

"Na nani?"

"Na kuku."

Nikafunga mlango.

"Ijumaa ile ingine nilienda, nikaambiwa mtoto hawezi kuja, Chifu anataka kulalia mayai. Nikasema sawa, nikarudi. Juzi nimeenda tena, naambiwa sasa ndio amelalia. Kuku gani hiyo inalalia hivyo, Madam? Wamefundisha mtoto. Wananizungusha mpaka nichoke."

"Kuku huatamia wiki tatu, Baba Nafula. Wewe unajua."

"Najua! Lakini nani ameiona ikilalia?"

"Si uingie umwone?"

Akanitazama kwa namna ambayo sikuielewa. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akapunguza sauti.

"Iko chini ya kitanda ya mama mkwe."

Kwa wale kati yenu ambao hamjaishi na Wabukusu, mkwe na mama mkwe wanaheshimiana mpaka wanaogopana. Hawapeani mkono. Wakikutana njiani mmoja hupisha mbali. Chumba cha kulala cha mama mkwe, mwanamume hata hakitaji, seuze kukiingia na kupiga magoti akitazama chini ya kitanda. Na kuku anayeatamia hahamishwi, kila mtu anajua hilo, atayasusa mayai. Kwa hiyo ushahidi wote wa kesi yangu ulikuwa mahali pekee duniani ambapo mlalamikaji hangeweza kutazama.

"Wafula anakuja Jumamosi na pikapu," Barasa akasema. "Amesema kama nanyimwa mtoto kwa sababu ya kuku, basi twende naye Bungoma, tumalizane na hii maneno."

"Na wewe unasemaje?"

Akatazama ng'ombe wa kalenda. "Mimi nataka Ijumaa yangu tu, Madam."

Nilimwambia Jumamosi nitakwenda Yamumbi mwenyewe. Nimekagua shule, nyumba za kulea yatima, hata baa moja iliyosemekana ni nasari. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza serikali kwenda kukagua kuku.

Nilifika asubuhi. Barasa alishafika, ameegesha pikipiki nje ya geti, ameketi juu yake amekunja mikono. Wafula alikuwa njiani kutoka Bungoma, akipiga simu kila alipopita mji kutoa taarifa. Kukhu Rasoa alinipokea kwa mikono miwili, mwanamke mrefu mwenye kitambaa cheupe kichwani, akaniongoza chumbani bila maneno mengi. Nekesa alisimama mlangoni akiuma kucha. Nafula alikuwa ameshalala kifudifudi sakafuni, kama mlinzi.

"Usipumue kwa nguvu," akaniambia.

Nilipiga magoti, nikawasha tochi ya simu. Chifu alikuwa pale, kwenye kikapu kilichotandikwa sketi kuukuu, amejitandaza kama chapati. Nikasogeza mkono nione kama kuna mayai. Yalikuwepo. Najua kwa sababu nililigusa moja kabla hajanidonoa kidole, na alama ya mdomo wake ninayo mpaka leo.

Nikapiga picha, nikatoka nayo hadi getini huku nikinyonya kidole. Nikamwonyesha Barasa. Alitupa jicho moja kwenye simu, akageuka upande mwingine kwa nguvu hata pikipiki ikataka kuanguka.

"Madam, toa! Toa hiyo!"

"Mtazame kuku tu."

"Naona shuka! Naona shuka ya mama mkwe!"

Majirani wawili wakatokeza juu ya ua kuona ni shuka gani. Nikajaribu kuikuza picha ionyeshe kuku peke yake, lakini kadiri nilivyoikuza ndivyo kuku alivyoonekana kama tope. Barasa akiwa amefumba macho akasema hata akitazama, hiyo picha inaweza kuwa ya kuku yeyote, wakati wowote, kwenye kitanda chochote. Wakili hodari angesema vivyo hivyo.

Nilirudi ndani nimevunjika moyo. Nekesa akasema basi, tumtoe kuku, mayai yaharibike, yaishe. Nafula akaanza kutetemeka mdomo. Kukhu akasema hakuna anayegusa kuku wala mtoto, na kwanza mgeni ale.

"Kukhu, mimi nimekuja kazini," nikasema.

"Hata kazini watu wanakula. Huwezi kutoka kwangu na njaa ukaenda kunisema huko kwenu." Akanifunga mdomo hivyo, na kweli harufu ya mchuzi ilikuwa imeshaanza kunishawishi.

Tukaketi. Ugali ulikuja, kunde zikaja, na sufuria ya kuku. Kule getini simu ya Barasa ikalia, nikasikia, kama Yamumbi yote ilivyosikia, kwamba Wafula ameshapita Turbo. Kukhu akafunua sufuria. Nafula akainuka, akachungulia ndani, akamtazama nyanya yake.

"Kukhu, huyu ni nani?"

"Ni jogoo tu, mama. Yule mwenye kelele."

Nafula alifikiri. Niliona uso wake ukifikiri, na nikahisi jambo linakuja lakini sikujua ni lipi.

"Si yule ndiye baba ya mayai?"

Nekesa aliweka kijiko chini.

"Mmepika baba yao," Nafula akasema, na machozi yakaanza. "Hawajatoka hata. Sasa watamwona wikendi gani?"

Nimekaa katika kazi hii miaka mingi na nimesikia hotuba nyingi kuhusu haki za mtoto. Nilitaka kucheka, nikaona siwezi. Nekesa alimvuta mtoto akamkumbatia, naye mwenyewe analia, na nikajua halii jogoo. Kukhu alibaki ameshika mwiko juu ya sufuria. Alitazama mchuzi, akatazama dirishani upande wa geti, akatazama tena mchuzi.

Kisha akaanza kutafuta kitu ndani ya sufuria kwa mwiko, akakipata, akakiinua. Ilikuwa firigisi.

Mimi ni Mnandi, sifungwi na desturi zao, na nilikuwa mgeni wa heshima, na nilikuwa na njaa. Nilishanyoosha sahani. Kukhu akaipita sahani yangu kama haipo, akaweka firigisi kwenye sahani nyingine, akaifunika kwa sahani ya pili, akamwita Nafula.

"Panguza uso. Peleka kwa baba yako. Mwambie imetoka kwangu."

Mnajua firigisi ni nini katika nyumba kama ile. Ni ya mwenye nyumba, ni ya mwanamume anayeheshimiwa. Nimesuluhisha kesi tatu za ndoa zilizoanza na firigisi iliyopotea kati ya jiko na meza. Mama mkwe akikutumia firigisi hajakuomba msamaha, maana mama mkwe haombi msamaha, lakini amekutambua. Nekesa alimtazama mama yake kwa mshangao. Kisha akainuka, akachukua jagi la maji na beseni, akamfuata mtoto nje.

Nilisimama mlangoni nikiwa na sahani yangu tupu. Nekesa alimnawisha Barasa mikono palepale getini, kila mmoja akitazama maji. Barasa akafunua sahani. Alikaa akiitazama ile firigisi, na huyu mtu ambaye sauti yake ilifika Moiben hakuweza kusema kitu. Nafula akamweleza habari ya jogoo, na mayai, na wikendi. Alieleza vizuri kuliko ripoti yangu yoyote.

Barasa akatoa kisu cha mfukoni, akaikata firigisi katikati, akampa Nafula kipande.

"We!" Kukhu akapaza sauti kutoka mlangoni, huku amegeuza uso pembeni kwa adabu. "Firigisi haigawanywi!"

"Hii imegawanywa, mama," Barasa akajibu kwa upole, naye amegeuza uso upande wake. Wakaongea hivyo wote wawili, kila mmoja akiuhutubia ua wa jirani.

Simu yake ikalia. Ilikuwa Wafula, tayari ameingia mjini, anauliza njia ya Yamumbi. Barasa alimeza kwanza.

"Geuza gari," akasema. "Rudi tu nyumbani. Hapana, mtoto haendi. Chifu amelalia." Akasikiliza. "Si jina ya mtu. Kuku. Nimesema kuku! Mimi mwenyewe nimehakikisha." Akakata simu, na sauti yake ilikuwa imerudi.

Msianze kutengeneza harusi vichwani mwenu. Hawakurudiana. Nekesa aliendelea na cherehani yake na Barasa na trekta yake, na baada ya mwezi walishagombana tena kuhusu raba za shule. Lakini Jumamosi iliyofuata Barasa alikuja na mabati mabovu na mbao kutoka Moiben, akajenga banda la kuku kando ya ua, ndani ya geti. Alichukua Jumamosi nyingi kulijenga. Banda lile lingeisha siku moja, na sote tulijua, na hakuna aliyesema. Nafula alimshikia misumari. Vifaranga walipototolewa Barasa aliwaletea jogoo mwingine, "awe baba wa kambo," na nikaongeza mstari mmoja kwenye makubaliano kwa kalamu: "Kuku akiatamia, baba atakuja alipo mtoto." Mstari huo nimeutumia kwenye kesi nyingine tangu hapo. Ninamtoa kuku tu.

Nafula sasa yuko chuoni. Anasomea uhasibu, jambo ambalo sikulitarajia kabisa.

Sasa mnajua ni nani wale watatu walioingia hotuba zikiwa zimechelewa siku yangu ya kuagwa, baba na mama wakaketi kwenye mabenchi mawili tofauti bila kuambiwa na mtu. Mkurugenzi alikuwa kando yangu akisubiri kuku wa ofisi. Nafula alipita mbele ya watu wote na sahani iliyofunikwa kwa sahani nyingine, akaiweka mbele yangu, akaninong'oneza, "Mama ameipika, baba ameibeba. Kukhu amesema hii haigawanywi."

Nikafunua. Hapo ndipo mliponiona nikilia. Mkurugenzi alinyoosha shingo akaitazama kwa muda, na uso wake ulikuwa wa mtu mwenye njaa.

Niliila yote.